Kuna Nazi, Mama Neema

Nakumbuka, mwanangu, theluji ilivyotukuta hapa Cedar Hill, Texas, tukiwa tumelala. Tulipoamka, barabara zote zilikuwa zimefungwa. Huku kwetu huendi hata kununua mkate bila gari, na siku ile magari yalilala. Madereva wa malori, wauguzi waliokuwa mapumzikoni, mimi mfanyakazi wa ghala katika mji wa Mesquite, sote tukabaki nyumbani kama watoto waliopewa likizo.

Nilikuwa kijana bado, magoti hayajaanza kunisema. Kabla ya kuja Texas nilisafisha vyumba katika hoteli moja ya mlimani huko Colorado, na huko nikajifunza kuteleza kwa ubao wa theluji: miguu miwili imefungwa juu yake, nawe umesimama ubavu. Nilikuja nao ubao huo, ukakaa nyuma ya kabati, mke wangu akiuita ubao wa pasi. Siku ile nikautoa. Nyuma ya nyumba zetu kuna kilima cha nyasi, na asubuhi hiyo kilikuwa cheupe pe.

Vijana walinizunguka. Neema, binti wa jirani, wa miaka kumi na saba, alishika haraka kuliko wote. Kabla jua halijapanda alikuwa anakata kona kulia na kushoto. Ndipo mama yake akatokea, amevaa koti la kazini juu ya gauni.

"Na mimi nifundishwe."

"Mom, please! Rudi ndani. Watu wanarekodi."

"Watu gani? Hawa wote wamekula pilau yangu."

Vijana wakacheka. Neema nisimwonee, aibu ya umri ule ni homa, humpata kila mtu. Lakini Mama Neema alinisogelea akanena chini kwa chini, "Mdogo wangu, mwezi wa Agosti huyu binti anakwenda chuo, Houston. Mimi nazungumza Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza. Nataka tuwe na jambo moja tunalolijua sote wawili. Na theluji ya hapa haioni kesho."

Basi nikamfunga ubao. Viatu vyangu vya ubao vilimpwaya, akajaza soksi. Nikamweleza: ubao una kingo mbili, ya visigino na ya vidole. Ukitaka kukata kona, tazama unakokwenda, elekeza mkono wa mbele huko, uzito uweke mguu wa mbele. Ubao utageukia bondeni, na hapo moyo utapiga kelele, usirudi nyuma. Hamisha uzito toka visigino hadi vidole, ubao utaimaliza kona wenyewe.

Visigino alivishika vizuri. Ila kila akifika kwenye vidole, kifudifudi. Nami nikawa napaza sauti, "Inama, Mama Neema! Mtaka cha mvunguni sharti ainame!" Nilidhani methali itamsaidia. Akainama zaidi, akaanguka zaidi. Neema akajifunika uso kwa kofia ya koti.

Barazani kwa jirani mwingine alikuwa amekaa Bibi Mwanaidi wa Tanga, aliyekuja kumtembelea mwanawe, amejitanda khanga juu ya jaketi.

"Wewe mwalimu! Mbona unamwonea mwenzio?"

"Simwonei, Bibi. Namwambia ainame."

"Naye kainama! Kainama mpaka kalamba theluji. Kosa lake liko wapi?"

Kilima kizima kikacheka, mimi nikatazama viatu vyangu.

"Mgongo huo uache," akasema. "Yanakunjwa magoti. Mwambie akae kama yuko juu ya mbuzi, anakuna nazi."

Mbuzi, kama hukulelewa na nazi, ni kile kigoda kifupi chenye meno ya chuma. Unakikalia chini kabisa, magoti yamekunjwa, kifua kiko juu. Sijui kama Bibi aliwahi kuuona ubao wa theluji kabla ya siku ile, nadhani hakuwahi. Lakini haki ni haki, alisema kweli. Mimi nilifundishwa kwa Kiingereza kukunja magoti, nikaligeuza neno haraka-haraka likawa "inama", likamwangusha mtu mzima. Ulimi hauna mfupa, lakini waweza kuvunja mfupa wa mwenzio.

Adhuhuri jua likawaka. Nyasi zikaanza kuchungulia, ukabaki mkanda mmoja tu mweupe. Mama Neema akapanda tena, amelowa mpaka magotini. Mimi nikasimama chini. Akaanza kushuka, mkono mbele, ubao ukageukia bondeni, nikauona mgongo unaanza kukunjika. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma yangu:

"Mama! Kuna nazi! Kuna nazi!"

"Nazi iko wapi?" akauliza dereva mmoja, Mkenya wa bara, akitazama huku na huku.

Mama Neema akakaa. Magoti yakakunjika, kifua kikapanda, vidole vikashika, kona ikatimia. Akatazama upande wa pili, akakata nyingine, akasimama mwenyewe ukingoni mwa nyasi. Neema akakimbia, akamkumbatia na ubao wake miguuni, wakaanguka wote wawili.

"Mama, tena!"

Theluji ya "tena" haikuwepo. Lakini nilijivuna, mwanangu, siwezi kuficha, na hadi leo sijaacha. Neema yuko Houston sasa. Mama yake akimpigia simu akiwa na hofu ya jambo, humjibu, "Mama, kuna nazi," na wote wawili hucheka.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukimfundisha mtu naye akaanguka, chunguza kwanza neno ulilompa, kabla hujaichunguza akili yake. Mpe neno ambalo mwili wake unalijua tangu nyumbani. Na mzazi wako akitaka kujifunza jambo lako, usimrudishe ndani. Kujikwaa si kuanguka, ni kwenda mbele.

Mungu ayalainishe magoti yako, aunyooshe mgongo wako, na chini ya kila kilima akuwekee mtu wa kukuita kwa lugha ya mama yako.