Kazi Yangu Ilikuwa Kuangalia Amortisseur

Nina wivu. Nalisema mapema ili msomaji asinihurumie bure. Mama yangu alikuwa nao, dada zangu wanao, na mimi nimeuzidisha kwa kuolewa na mwanaume wa mbali. Mume wangu si Mnande kama sisi. Ni mkaguzi wa shule. Serikali ilimleta Butembo kutoka upande wa watu wa Kilingala, na siku aliyokuja kuniposa shangazi zangu walinivuta pembeni wakaniambia watu wa serikali huhamishwa, na wakihamishwa husahau. Miaka kumi na moja imepita, hajahamishwa. Bado kila barua ikija kutoka ofisini kwake mimi nasoma uso wake kabla yeye hajasoma karatasi.

Pikipiki, ambayo kwetu tunaiita moto, tuliitaka wote wawili. Yeye alitaka ya kumfikisha kwenye shule za barabara ya Manguredjipa bila kubembeleza madereva. Mimi nilitaka kiti cha nyuma. Nauza maharagwe sokoni, nakaa juu ya gunia tangu asubuhi, na kwa miaka nilimwona akiondoka na kurudi na habari za vijiji nisivyovijua. Aliniahidi kwamba tukipata moto kubwa, ile ya safari ndefu, yenye kiti kipana na masanduku pembeni, likizo zote tutatembea pamoja: Beni, Mangina kwa dada yangu, popote. Niliweka akiba kwa ahadi hiyo, na yeye aliweka kwa ajili ya shule zake.

Siku moja akarudi kutoka kazini uso umemkunjuka. Moto imepatikana Mavivi, mwisho wa Beni. Ni ya mama mmoja mfanyakazi wa serikali, anahamishwa, hawezi kusafiri nayo.

"Mama wa wapi?" nikamuuliza.

"Wa kwetu."

Alisema neno hilo kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu chake. Mimi nilirudi kuchambua maharagwe nikayatupa mazima pamoja na mabovu.

Fundi wa mtaa wetu ndiye aliyepaswa kwenda naye kuikagua, lakini wiki ile alifiwa na baba mkwe. Badala yake akatuita kwenye karakana yake, akatufundisha kwa moto kuukuu iliyokuwa hapo.

"Batu banasikilizaka moteur tu," alisema. "Ikilia muzuri, banafurahi, banalipa. Mais ile itakuponda mugongo iko huku nyuma."

Akatuonyesha amortisseur: ile springi nene chini ya kiti, na katikati yake chuma chembamba kinachong'aa, kinachoingia na kutoka kwenye bomba lenye mafuta. Kwanza, alisema, pitisha kidole kwenye chuma hicho. Kidole kikitoka na mafuta, mpira wa ndani umechoka, msipoteze muda. Pili, kata kipande chembamba cha chambre à air, ule mpira wa ndani ya tairi, kama tunavyokata vya kufungia mizigo, ukifunge kwenye chuma, juu kabisa. Watu wakikaa, kile kipande kinasukumwa chini na bomba. Wakishuka, chuma kinarudi lakini kipande kinabaki pale kilipofikishwa. Akikaa mtu mmoja, kifike nusu. Wakikaa wawili, vibaki vidole viwili kabla ya mwisho. Kikifika mwisho kabisa, amortisseur imekufa.

Kisha akanitazama mimi. "Weye mama unauzishaka maharagwe, uzito unajua kwa macho. Baba atapanda mbele, weye njo utaangalia."

"Na nyuma atapanda nani?"

"Mutu yoyote wa pale. Bila mutu nyuma, amortisseur haiwezi kukuambia kitu."

Sikulifikiria jibu hilo mpaka tulipofika Mavivi.

Yule mama alitupokea akiwa juu ya moto yenyewe, ametoka nayo kazini, amevaa suruali na kofia ya chuma. Aliizima, akaisimamisha kwa mguu mmoja, akavua kofia, na nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri chini yake. Nilikuja nikiwa na wivu wa aina moja, nikapata na wa pili. Wa kwanza ulikuwa wa mume wangu. Wa pili ulikuwa wa ile suruali, na ile namna ya kuweka ufunguo mfukoni bila kumuomba mtu. Yeye hakuwahi kungoja kiti cha nyuma cha yeyote.

Moto ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Masanduku mawili pembeni, kiti kipana, na nyuma ya kiti porte-bagage ya chuma ya kufungia mizigo. Nikapiga magoti pembeni, nikafunga kipande changu cha mpira. Juu yangu walikuwa wameanza Kilingala. "Ndeko" hivi, "ndeko" vile, yaani ndugu, na kicheko. Kilingala nakisikia kidogo, kile cha muziki na cha askari, lakini cha mume wangu akiwa na mtu wa kwao kinakimbia, sikishiki. Nilisimama nione wanacheka nini. Kidole sikupitisha.

Mume wangu akapanda mbele. Yule mama, bila kuambiwa mara mbili, akapanda nyuma. Walitakiwa kuzunguka ua polepole na kupita juu ya mtaro mara tatu, na mimi nitembee pembeni nimeinama, macho kwenye amortisseur. Niliinama, ndiyo. Lakini macho niliyapeleka kwenye mikono ya yule mama. Nilitaka kuona inashika wapi. Mtaro wa kwanza, nikaangalia mikono. Wa pili, nikaangalia mikono. Mara ya tatu nilijikwaa kwenye jiwe kwa kuangalia mikono, na bado sikuiondolea macho.

Walishuka. Yule mama akanishika bega, akacheka, akaniambia, "Bokilo, unasema nini?" Neno "bokilo" sikulijua. Kwa jinsi nilivyokuwa nimejaa, nililichukua kuwa tusi.

"Mupira imefika wapi?" mume wangu akauliza.

Nilipaswa kuinama nitazame. Ilikuwa kazi ya muda mfupi kuliko kupima kilo moja. Lakini nilipiga hesabu nyingine: nikisema mbovu, watajadiliana, bei itashuka, atasema tufikirie, na wiki ijayo mume wangu atarudi Mavivi peke yake. Tukiichukua sasa hivi, mambo yanaisha, na yule mama anaenda zake na suruali yake.

"Iko muzuri," nikasema. "Tulipe, twende."

Tulirudi Butembo juu yake. Nilimshika mume wangu kiuno kwa mikono miwili, kwa nguvu, tangu Mavivi. Karibu na Maboya kiti kilianza kutupiga kila shimo, mpaka nikauma ulimi. Nikalaumu barabara. Njiani aliniambia bokilo maana yake ni shemeji, na kwamba yule mama alifurahi kuniona. Nikamwambia asante.

Mtu mwingine angeishia hapo, angefurahia kiti chake. Mimi nilikuwa nimefundishwa jambo, na nililitumia. Wiki ya pili mume wangu alikwenda Beni kwenye mkutano wa wakaguzi. Asubuhi kabla hajatoka niliinama nyuma ya moto kama mtu anayeokota kijiko, nikaupandisha ule mpira wa Mavivi, uliokuwa bado umefungwa pale, hadi juu kabisa. Aliporudi jioni nilimpa maji ya kuoga, na alipoingia bafuni nikaenda kutazama. Mpira ulikuwa chini kabisa, umeshindiliwa mwishoni mwa chuma. Watu wawili. Watu wawili na vidole viwili zaidi.

Sikungoja amalize kujikausha.

"Ulibeba nani?"

"Mi hapana bebaka mutu."

"Mupira inasema ulibeba."

"Mupira gani?"

Ilibidi nimweleze. Alinisikiliza akiwa na taulo kiunoni, na niliona uso wake ukibadilika, si kwa hatia, bali kama mtu aliyegundua kwamba alikuwa anafuatwa. Siku mbili nilisema mimi peke yangu. Alikula, akashukuru, akaenda kulala. Nilimwita mchafu, nikamwita mtu wa kwao. Siku ya tatu, Jumapili, tuliporudi kutoka misa alitoa karatasi na kalamu akaviweka mezani.

"Nitaomba mutation," alisema. "Banipeleke mahali kwingine. Hapa nimekuwa mufungwa."

Shangazi zangu walikuwa wamesema serikali itamhamisha. Hawakusema kwamba mimi ndiye nitakayemwandikisha barua.

Hata hapo kiburi hakikutoka. Nilitoka nikamwita fundi, si kwa ajili ya amani, bali awe shahidi wangu. Nikamwambia aje aseme mbele ya mume wangu moto hii ilibeba watu wangapi. Fundi alikuja na viatu vyake vya misa, akachuchumaa, na jambo la kwanza alilofanya ni kupitisha kidole. Kilitoka cheusi, kinang'aa. Akakinusa. Akaupandisha mpira juu, akaniambia nikae peke yangu nyuma, nijirushe kidogo. Nikajirusha na kitenge changu cha misa. Niliposhuka, mpira ulikuwa chini kabisa.

"Mama," akasema, "weye moja njo batu bawili?"

Sikucheka. Akakwangua kwa ukucha pale chini ya bomba: udongo mkavu ulioshikana na mafuta, tabaka juu ya tabaka, kama bugali iliyolala kwenye sufuria. "Hii mafuta haikuanza kutoka leo. Imetoka Mavivi hivi hivi. Ile siku ulipitisha kidole?"

Nilimwambia asante, aende akale. Aliondoka akitikisa kichwa, akifuta mkono kwa jani la mgomba.

Ndani, mume wangu alikuwa ameandika tarehe na salamu kwa mkubwa wake. Nilisimama upande wa pili wa meza. Nilimwambia yote: kidole, mpira ambao sikuutazama, "iko muzuri" niliyosema ili tuondoke. Nilimwambia kwamba hakubeba mtu, na kwamba moto ilikufa kabla hatujainunua, na mimi nilikuwepo.

Aliweka kalamu chini. "Donc ile siku yote, uliinama pale, ulikuwa naangalia nini?"

"Mikono yake."

"Ya nani?"

"Ya yule mama. Mara tatu zote."

Akafikiri. Kweli alikuwa anajaribu kukumbuka, nilimwona, na hakuna alichokumbuka.

"Na ilikuwa nashika wapi?" akaniuliza.

Ilibidi nikae kwanza. Nilikuwa nimeiangalia mikono ile kuliko nilivyowahi kuangalia mizani, na hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo, hata mimi mwenyewe.

"Nyuma," nikasema. "Porte-bagage. Yote mibili, mupaka mulishuka."