Kalamu Nyekundu ya Dada

Wiki iliyopita nilishuka Mnyuzi kuangalia shamba la marehemu baba, na tangu nirudi Korogwe situlii. Nafagia uwanja mara mbili, nabandika chai naisahau mpaka inakauka. Na nilichokiona huko ni kidogo tu: mtoto alinipita karibu na reli akikimbia, daftari wazi mkononi, akitangaza kwamba amepata "Good".

Wewe uliyesoma zama zetu unalijua neno hilo. Mwalimu aliliandika kwa wino mwekundu chini ya kazi iliyo sahihi. Chakula kitamu hatukukiita hivyo, wala mtu mwema. Kwetu lilikuwa neno la daftarini, na aliyelipata alitaka kijiji kizima kijue.

Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita, ili mdogo wangu wa kike aendelee. Asubuhi nilimenya mihogo, mchana nikaanika makopa, jioni nikasonga bada, ugali wa unga wa makopa hayo, na kuchemsha mboga ya mchunga. Wakati sufuria ikitokota, mdogo wangu aliniletea daftari la hesabu, nami nilimsahihishia kwa kalamu nyekundu niliyoinunua dukani. Hesabu za sehemu sikuziweza. Nilitazama mwandiko, nikamtazama na yeye, mabega yameloa maji ya ndoo, nikaandika "Good". Kila siku. Alicheka peke yake mpaka chakula kikaiva.

Mtihani wa darasa la nne ulipokaribia, mwalimu wa hesabu aliniita shuleni. Nilijua maana yake. Mjomba alishasema mtoto akirudia darasa, atampeleka Handeni akafanye kazi za ndani. Nikamwamkia mwalimu, akaitikia huku akifunua kurasa.

"Nani anasahihisha hizi?"

"Mimi, mwalimu."

"Hesabu kumi, zote amekosa, na umempa 'Good'. Binti, unamlea au unamdanganya?"

"Anafurahi, mwalimu."

"Hata mimi ningefurahi."

Akanyoosha mkono, nikaitoa kalamu nyekundu mfukoni, nikampa. Akasema mtoto abaki naye kila siku baada ya masomo.

Jioni ile nilimwambia mdogo wangu kwamba hesabu zake sizijui, sijawahi kuzijua. Akachokoa majivu kwa kijiti.

"Hata za jana, dada?"

"Hata za jana."

Alifaulu, na mjomba hakulitaja tena suala la Handeni. Leo mdogo wangu ni muuguzi Tanga. Akinunua kiwanja, akihama nyumba, ananipigia simu mambo yakiwa yamekwisha, kwa heshima zote.

Nyumba yetu imeanguka, shamba limeshikwa na magugu. Hayo nimeyazoea. Kinachonisumbua ni ule muda mfupi kabla ya chakula, mtu anakuja mbio na daftari, ananisimamia kichwani, anasubiri niseme mimi. Tangu jioni ile mdogo wangu hakuniletea tena daftari, na sikuwahi kumwomba.