Nilimchelewesha Nabwire kwa Makusudi

Jamani, kosa ni langu. Si la shetani, si la marafiki wabaya. Ni mimi na wivu wangu, na leo nataka niseme, maana nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Mimi nauza viatu vya mitumba Busia, upande wa Kenya. Nabwire alikuwa mpenzi wangu, msichana wa Dabani, ng'ambo ya pili. Alikuwa anashona nguo kwa fundi pale Busia ya Uganda. Nilishajitambulisha kwa mama yake. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri.

Tatizo lilikuwa baleti. Ile dansi ya kusimama kwenye ncha za vidole, ndiyo. Msicheke! Mwalimu Esta, mama mmoja aliyejifunzia Nairobi, alikuwa anawafundisha vijana katika ukumbi wa kanisa Tororo. Nabwire alikwenda mara moja kuangalia tu, na tangu siku hiyo nikawa wa pili.

Nikimwambia Jumamosi twende tukale samaki, ana mazoezi. Nikimpigia simu, anahema, ananiambia ngoja. Vidole vya miguu vilichubuka mpaka damu, na yeye anatabasamu! Mimi sikuwahi kumfanya atabasamu hivyo.

Halafu nikamwona Owor.

Mwalimu alitunga mchezo wa dansi tupu, bila maneno. Msichana anapenda kucheza, mchumba wake anamwambia achague: dansi au ndoa. Nabwire ndiye msichana. Owor, kijana mrefu wa Tororo, ndiye mchumba. Nikaenda kuangalia mazoezi. Owor akamshika kiuno, akamnyanyua juu, Nabwire akafumba macho kama mtoto aliyelala. Yule mchumba wa uongo alikuwa anamshika kuliko mchumba wa kweli!

Walipomaliza Owor akaja kunisalimia. "Karibu, shemeji." Neno la heshima kabisa, lakini mimi nikasikia dharau.

Njiani nikamwambia Nabwire achague, mimi au baleti.

"Wewe nakupenda," akasema. "Baleti pia napenda. Mbona unataka nikate moja?"

"Na Owor?"

Alicheka. Angekasirika ningepoa. Ule mcheko ulinichoma.

Siku ya onyesho ikafika. Wageni wa shule moja ya dansi ya Nairobi walikuwa wanakuja kuchagua vijana wa kwenda kusomeshwa. Nabwire aliniomba nimpeleke kwa pikipiki yangu. Aliniamini mimi kuliko gari lolote.

Nikapita barabara ya ndani, upande wa Sikuda, nikijua bodaboda huko ni za kuhesabu. Tulipofika katikati ya mashamba ya mihogo, nikapeleka mkono chini taratibu nikafunga koki ya petroli. Pikipiki ikaenda kidogo, ikakohoa, ikazima.

Ole wangu! Nilijua kuigiza kuliko wao wote. Nikafungua plagi, nikaipuliza, nikairudisha. Nikapiga kiki mpaka jasho likanitoka. Nabwire amesimama juani na mkoba wa viatu vyake, anaangalia simu, anaangalia barabara. Akaanza kulia. Mimi nikatoa leso, nikampangusa machozi! Mkono huohuo uliofunga koki.

Mwishowe akachuchumaa anisaidie. Akaiona koki imefungwa. Alishaniona nikiifunga na kuifungua kila tukiegesha.

Akanitazama. Akaifungua mwenyewe, akasema, "Endesha."

Nikaendesha mbio mpaka Tororo.

Muziki ulikuwa umeanza. Msichana mwingine alikuwa amevaa tayari, anangoja nyuma ya pazia. Mwalimu Esta akamshika Nabwire bega. "Mwanangu, hujapasha mwili. Wacha mwenzako acheze, utaumia."

"Nacheza, Mwalimu. Tafadhali. Mi nacheza."

Akaingia. Na alicheza, wallahi! Mimi mwenyewe nilisahau kuwa nina wivu. Kisha akaruka, na alipotua nikasikia sauti kama kijiti kimevunjwa. Akaanguka na hakuinuka.

Owor alimbeba akatoka naye mbio. Na hata hapo, Mungu nisamehe, nilimzuia mlangoni. "Mweke chini! Ni wangu huyo!"

"Shemeji," akasema, "shika mguu wake usining'inie. Twende hospitali."

Mshipa wa kisigino ulikuwa umekatika. Wageni wakawachagua Owor na yule msichana aliyekuwa nyuma ya pazia.

Nabwire hakumwambia mtu kuhusu koki, hata mama yake. Mama alinikaribisha Dabani kama mkwe, akanipikia, akanishukuru kwa kumfikisha binti yake. Nami nikala!

Mama alipotoka nje, Nabwire akaniambia, "Ungesema tu kwamba unaogopa nitakuacha. Ningekushika mkono. Lakini ulinipangusa machozi na huku unajua. Usirudi hapa."

Sijarudi. Nasikia ametupa magongo, na anawafundisha wanafunzi wadogo wa Mwalimu Esta kunyoosha mikono. Kuruka bado hawezi. Kama ataweza, madaktari hawajui.

Wewe unayesoma hii na moyo unakuchoma kwa sababu mpenzi wako anapenda kuimba, kuchora, kucheza, nisikilize. Hajakuibia kitu. Mimi nilidhani nikimnyang'anya dansi, mapenzi yote yatabaki kwangu. Hayakubaki hata kidogo.

Mpeleke, ndugu yangu. Mfikishe mapema, kaa viti vya nyuma, piga makofi. Ikikuuma, uma meno. Maumivu hayo ni madogo. Haya yangu hayalali.