Biskuti za Jumamosi

Saa kumi na dakika kumi leo, siagi ilipoanza kunukia jikoni mwangu, nilimkumbuka susu, nyanya aliyenilea. Siku moja nikiwa mtoto, alikata kona ya pakiti ya maziwa, akaijaza unga uliokandwa kwa siagi, nami nikaminya biskuti za umbo la maua madogo ndani ya sufuria. Kisha akaweka makaa juu ya kifuniko.

Zilipoiva nilinyoosha mkono.

"Toa kidole, wewe! Mgeni ndiye wa kwanza."

Mgeni alikuwa mama, aliyeahidi kuja Jumamosi kutoka Nairobi. Jumamosi ilipita, Jumapili pia. Jumatatu biskuti zilianza kulainika. Susu akazipanga kwenye sahani ya wageni, akanimiminia maji ya kunawa mikono.

"Haya, karibu," alisema, bila kunitazama.

Nilikula polepole, nikamshukuru kama wanavyoshukuru wageni wanaokaribia kuondoka.