Matanga ya Majidi, Mwenyewe Anakunywa Chai

Ng'ambo nzima, hapa Tabora, hakuna fundi baiskeli kama Majidi, na kama huamini, muulize Majidi mwenyewe. Atakwambia ringi akiinyoosha yeye, hata ipite juu ya reli haipindi tena. Na mapafu yake nayo alikuwa anayasifia hivyohivyo.

"Sigara? Sijawahi kununua hata moja," anasema, huku anasokota tumbaku kwenye kipande cha gazeti. "Za dukani ndizo zina sumu. Hii ni majani tu, kama kisamvu. Imelimwa kwetu Urambo, nimeikausha mwenyewe kwenye bani."

Huko kwenye bani, kijumba cha kukaushia tumbaku, ndiko alikokulia, anachochea kuni na kumeza moshi. Basi kikohozi kilipomganda akasema vumbi. Mvua zikaja, mitaro ikafurika, bado anasema vumbi. Mkewe Swaumu akimwambia aende hospitali, anajibu, "Nikapimwe nini, uzuri?"

Ndipo akaingia Yasmini, mshona nguo wa nyumba ya pili. Huyu ni Mzaramo, Majidi Mnyamwezi, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu mababu walipokuwa wanabeba mizigo ya misafara kwenda pwani. Mtani akikufanyia jambo huruhusiwi kununa. Ukinuna umeshindwa.

Asubuhi moja Majidi anakunywa chai barazani, Yasmini huyo, kanga kiunoni, akaketi chini katikati ya ua na kuangua kilio.

"Uwiii! Mtani wangu Majidi kaniacha! Baiskeli zetu nani atatuharibia?"

"We mwanamke, mimi si huyu hapa?"

"Kimya, maiti haisemi! Nawahi kulia sasa, siku yenyewe nitakuwa na nguo za watu za kushona."

Halafu akasimama kumwigiza marehemu, kama watani wanavyofanya msibani. Akashika kiuno, akainama, koh, koh, koh, kifua kikapiga filimbi, akatema pembeni na kusema, "Vumbi!"

Majirani walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. Majidi naye akacheka, afanyeje? Ila kicheko chake kikageuka kikohozi, kilekile cha Yasmini, na filimbi yake. Swaumu hakuwa amecheka tangu mwanzo.

"Haya," Majidi akasema, anajifuta macho. "Naenda kupimwa, nikirudi nakuumbua."

Hospitali alimkuta daktari Advera, binti mpole mwenye ulimi mkali.

"Shikamoo mzee. Unavuta?"

"Marahaba. Sigara sivuti. Navuta tumbaku."

"Mzee wangu, hiyo ndiyo sigara, haijavaa suti tu."

Akamweleza kwamba chanzo kikubwa cha saratani ya mapafu ni moshi wa tumbaku, uwe wa dukani, uwe wa shamba la baba. Ukianza mapema na kuvuta miaka mingi, hatari inapanda. Moshi wa kuni wa kila siku nao unaongeza. Akauliza kama kuna ndugu aliyewahi kuugua hivyo. Majidi akamtaja kaka yake mkubwa, aliyekufa anakohoa hivyohivyo, na safari hii hakusema vumbi.

"Na anayelala pembeni yako anauvuta moshi wako bure," Advera akasema. "Jikoni kwake kuna dirisha?"

Hakuna dirisha.

Wakampima makohozi, wakampiga picha ya kifua, wakampitisha na kwenye mashine kubwa ya siti skani. Siku ya majibu Majidi alishika benchi kwa mikono miwili kama mtu aliyepanda baiskeli isiyo na breki. Swaumu kando yake, midomo inacheza kwa dua.

"TB hakuna. Uvimbe hakuna," Advera akasema. "Ila mirija ya hewa imechakaa. Ukiacha leo, hatari inashuka mwaka hadi mwaka. Usipoacha, siwezi kukuahidi kitu."

Yasmini alikuwa anawasubiri mlangoni, anadai mirathi. Majidi akamkabidhi tumbaku yote, Yasmini akaimwaga chooni, Majidi anasindikiza kwa macho kama anazika. Wiki ile alikuwa mkali kuliko nyuki, anatafuna karanga usiku na mchana.

Jumamosi akachukua sururu, akatoboa ukuta wa jiko.

"Mume wangu, dirisha limepinda," Swaumu akasema.

"Limepinda wapi? Tazama moshi unavyotoka umenyooka! Tabora hii nani mwingine anajua kutoboa hivi?"

Swaumu akachochea kuni, akavuta pumzi ndefu, akamwacha ajisifu.