Aliyebaki Chini ya Soko

Leo wanachimba mtaro hapa sokoni Musoma, na harufu ya udongo mbichi imenijaa puani. Watu hawajui kwamba hapa palikuwaga na nyumba zetu. Tulihamishwa kwenda Suguti ili soko lijengwe. Siku ya kuhama, baba alizunguka makaburini akiwaita wafu wetu kwa majina ili watufuate, na majina yale yote nayajua mpaka leo. Mama akakaa chini mlangoni, pale alipozikwa mdogo wangu.

"Mama watoto, inuka, ng'ombe wameshatangulia," baba alisema.

"Na huyu unamwitaje? Alikufa hata jina hatujampa."

"Basi mwite jina lolote."

"Lolote! Ataitikaje?"

Baba alimshika mkono akamwinua, tukaondoka. Njia nzima mama alikuwa anageuka nyuma.