Grisi Kwenye Vyuma vya Baba

Sifa zote njema ni za Mola, aliyelipangia jua mwendo wake na moyo wa mtu mapigo yake, akanifikisha umri ambao soko zima la Handeni linaniita bibi.

Enzi zetu, tulipokuwa tukiishi Korogwe, utoto wangu ulinukia petroli na mihogo ya nazi. Baba alikuwa fundi pikipiki, nami, binti yake wa pekee, ndiye niliyemshikia spana. Mwaka mmoja tabibu wetu alimletea pikipiki kuukuu ya pistoni mbili, zilizotanuka kama vidole viwili. Ilitetemeka hadi chupa za dawa zilipasuka mkobani kabla hajafika Dindira, kijiji cha mlimani. Huko juu watoto walikuwa wakikohoa.

Baba akafungua injini, akatoa krenki, ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni. Akaulaza juu ya vyuma viwili vilivyonyooka, akautundikia kopo la nati badala ya uzito wa pistoni. Upande mzito ukajiviringisha wenyewe kwenda chini. Pale alitoboa kidogo kwa keke, kupunguza uzito uliotetemesha pikipiki, akajaribu tena. Kidogo, tena. "Chuma nikishakitoa sikirudishi," alisema. Siku tatu nzima!

Siku ya nne, akienda kuswali alasiri, aliniambia: "Izungushe taratibu. Ikitulia popote unapoiacha, imekwisha, kacheze."

Haikutulia. Nje wenzangu walikuwa kwenye rede, wakinikejeli: "We fundi! Umeolewa na pikipiki?" Nikapaka vile vyuma grisi kidogo. Krenki ikanata, ikatulia.

Baba aliporudi aliigusa, akasema alhamdulillah, akaniruhusu. Nilikuwa nikikwepa mpira wa matambara tabibu alipofika mlangoni kwetu.

"Fundi, kesho napandisha dawa ya kifua. Itafika salama?"

"Itafika, inshallah. Binti yangu ameihakikisha."

Mpira ukanipiga mgongoni, wala sikuusikia. Nikarudi ndani.

"Baba, nimepaka grisi."

Nilingoja fimbo. Akanipa kitambaa chenye mafuta ya taa. "Futa. Kisha mwambie tabibu mwenyewe."

Nilipofuta, krenki ikaviringika polepole, upande mzito ukashuka chini. Tabibu alinisikiliza mpaka mwisho, na kesho yake akapanda Dindira kwa miguu, mkoba begani. Nilimtazama hadi akapotea, nikarudi kumshikia baba keke siku mbili zaidi, bila kuitazama rede.

Safari iliyofuata tabibu alikwenda na pikipiki. Aliporudi alinikabidhi mkoba. "Haya fundi, kagua." Chupa zilikuwa tupu, zote nzima.

Siku hizi mjukuu wangu anaendesha bodaboda hapa Handeni. Ikitetemeka, anaongeza sauti ya muziki. "Bibi, si inatembea?" Nacheka naye, lakini naikumbuka karakana ile, na mtu aliyeweza kukaa siku sita mbele ya chuma kimoja kwa ajili ya watoto asiowajua.

Nawe unayesoma, Mola akujaalie mtu wa kukupa kitambaa unapongoja fimbo, na ulichobeba kifike kizima. Amina.